Mwenye Mwili Alikuwepo?

Alizaliwa wapi, mwaka gani, na ukoo wake unatokea upande upi wa Ufipa, hayo waulizeni wanaogawana mashamba. Mimi nilimkuta tayari ni Nesi. Mtaa wote wa Milanzi ulimwita hivyo, padri alimwita hivyo, na hata marehemu mumewe, ambaye bila shaka alilijua jina lake maana alilitaja altareni siku ya ndoa, alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Nesi, chai inapoa!" Alipostaafu hospitali watu walidhani jina nalo litastaafu. Wapi! Lilibaki naye pamoja na sweta lake la kijani, ambalo alilivaa miezi ya baridi na miezi ya joto, kwa hoja kwamba upepo wa Sumbawanga hausomi kalenda.

Nina genge la nyanya, vitunguu na dagaa karibu na lango lake, kwa hiyo kwa miaka mingi nimemwona akitoka asubuhi na kurudi jioni, na kila apitapo lazima tusalimiane. Salamu yake ndiyo iliyowatisha watu kuliko sindano. Ukimwamkia anaitikia marahaba, kisha anauliza, "Hujambo?" Unajibu sijambo kama kila mtu, maana kwetu hata anayebebwa kwenye machela husema hajambo kwanza, mengine baadaye. Basi yeye hasogei. Anakutazama juu ya miwani na kuuliza tena, "Hujambo kweli?" Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba wameacha maharage jikoni. Vijana wa bodaboda wakimwona kwa mbali waliambiana, "Mshikaji, Hujambo Kweli huyo!" na pikipiki zikawaka zote kwa pamoja.

Hakuamini jambo kwa kulisikia mara moja. Sokoni, muuzaji akimwambia mchele huu ni wa Muze, alichukua punje akazitafuna, akamwendea muuzaji wa pili kumuuliza kama wa kwanza ni mkweli, halafu akarudi kwa wa kwanza kumuuliza kama yule wa pili ni shemeji yake. "Jibu moja ni tetesi," alikuwa akisema. Alinilazimisha hata mimi nipime nyanya zake mara mbili kwenye mizani yangu mwenyewe. Siku moja mizani ikatoa majibu mawili tofauti, naye akasimama pale gengeni akicheka mpaka wateja wengine wakaanza kudai nao wapimiwe upya. Nikanunua mizani nyingine kwa hasira.

Kazi yake ya mwisho hospitalini, ambayo hakuiacha hata baada ya kuagwa kwa keki na soda, ilikuwa kupima akina mama saratani ya mlango wa kizazi. Aliizungumzia popote, bila haya, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mkaa. Unapaka siki kwenye mlango wa kizazi, alieleza, siki ya kawaida tu iliyozimuliwa, unasubiri kidogo, na palipo na walakini panageuka peupe. Maelezo haya mazuri yalimletea balaa. Kuna chama cha akina mama wa parokia kiliamua kwenda kupimwa kwa pamoja, wameshona sare ya kitenge na wimbo wameutunga. Sasa, wakiwa wamesikia habari za siki, walishauriana kwamba anayetaka kufaulu ajiandae mapema. Wengine wakajisafisha kwa ndimu, wengine kwa siki yenyewe ya kachumbari. Walipofika, Nesi alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, akatoka nje na taa yake mkononi.

"Mmefanya nini nyie?" akauliza. "Kote kumekuwa kwekundu, mimi nitasoma nini?"

Mwenyekiti wao akajibu kwa fahari kwamba wamejiandaa.

"Mmejisahihisha mtihani kabla ya mwalimu! Nendeni nyumbani. Mrudi mkiwa kama mlivyo, na harufu zenu."

Waliondoka wakiimba, kwa sababu wimbo ulikuwa umefanyiwa mazoezi na hawakuona sababu ya kuupoteza.

Kama uliwahi kuingia uani kwake, utakuwa unawakumbuka majogoo wake wawili. Mmoja aliitwa Kumi na Sita, mwingine Kumi na Nane. Wageni walidhani ni bei, au namba za mabasi. Ukiuliza tu, umekwisha: utavutiwa kigoda upewe somo. Kirusi kinacholeta saratani hii, aliniambia siku ya kwanza, kina ukoo mkubwa kuliko ukoo wa mtemi. Wako wengi mno, na kila mmoja amepewa namba. Wengi wao ni wageni wa kupita, wanaingia kwa mtu, wanakaa, mwili unawachoka na kuwafukuza, na mwenyewe hata habari hana. Wengine huleta masundosundo tu, aibu na muwasho. Wapo wachache wabaya. Na katika hao wabaya, wawili ndio vinara, namba kumi na sita na namba kumi na nane. Wakiingia wakakataa kutoka, mwaka baada ya mwaka, hapo ndipo ugonjwa unapopata mahali pa kuotea. "Ndiyo maana mabinti wachanjwe mapema," alimalizia, "kabla majogoo hawajajua njia ya uani." Kumi na Sita alikuwa akinidonoa kisigino wakati wote wa somo hilo.

Baada ya misa moja alipewa nafasi ya kusema na waumini, na mzee mmoja wa kwaya akanyoosha mkono kuuliza hayo yote yanawahusu nini wanaume. Nesi akamshukuru kwa swali.

"Kirusi hakina miguu, mzee wangu," akasema. "Nyinyi ndio mnaokibeba kukitoa nyumba hii kukipeleka nyumba ile."

Kwaya nzima ilikohoa. Wake zao ndio waliokaa mpaka mwisho, na wiki ile kliniki ilijaa.

Alikuwa pia na mbwa, mnyama wa hovyo kabisa aitwaye Askari, ambaye aliubwekea upepo, akakibwekea kivuli chake, na kila alfajiri akaubwekea mnara wa kanisa. Mtaa ulimlalamikia. Nesi alimtetea kwa jambo ambalo mwanzoni sikulielewa. Alisema katika vipimo nako kuna mbwa wa aina mbili. Kuna anayebweka hata pasipo na mwizi, na kuna anayelala mwizi akipita. Kipimo kipya cha kutafuta kirusi chenyewe ni Askari huyu: hakipitwi na mengi, ila kitakushtua hata kwa kirusi ambacho kesho kingejiondokea. Siki inategemea macho ya anayeangalia, taa yake, na umri wa mama. Kwa mtu mzima, alisema, pale pa kuangalia hujivuta ndani, na siki haina shingo ya kuchungulia kona. "Kwa hiyo mbwa mmoja akibweka, usikimbie na magodoro. Na akinyamaza, usilale ukaacha mlango wazi."

Mtu aliyekimbia na magodoro tulimjua wote. Alikuwa mke wa mwenye duka la nguo pale mjini, mama mkarimu. Alipimwa, akaambiwa kirusi kipo. Hakusubiri neno la pili. Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akaanza kugawa kanga zake kwa mawifi, doti kwa doti, huku akiwaombea kheri. Nesi aliposikia alikwenda dukani kwa miguu, hata sweta hakufunga vifungo.

"Umeambiwa una kirusi, au umeambiwa una saratani?"

"Si ndiyo hayo hayo, Nesi?"

"Ingekuwa ndiyo hayo hayo, nusu ya mji huu tungeshaizika. Njoo tuangalie tena, na baada ya mwaka tuangalie tena. Na zile kanga, zirudishe."

Wakaangalia, hapakuwa na kitu. Baada ya mwaka kirusi nacho kilikuwa kimekwenda zake. Kanga ndizo hazikurudi. Mawifi walisema cha mgonjwa hakirudishwi.

Lakini msidhani mwanamke huyu aliyetilia shaka kila kitu alikuwa mtu wa kunyooka. Goti lake la kushoto lilitabiri mvua, naye aliliamini kuliko redio. Goti likisema inanyesha, alianua nguo kukiwa na jua la kuumiza macho, na hatukuruhusiwa kuhesabu mara ngapi lilikosea. Aliwakemea waganga wa mitishamba barabarani, halafu akanunua chupa yao ya dawa ya mgongo, akaificha chini ya vitunguu kwenye kikapu. Watu wa mbali wakisema sisi huku tunatumiana radi alicheka sana, ila mawingu yakikusanyika alifunika kioo chake kwa shuka. Na kubwa zaidi, huyu aliyewapima wake wa mji mzima, yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Nilimuuliza mara moja nikimfungia dagaa. "Mpishi hali kabla ya wageni," akanijibu, akabadilisha mazungumzo. Niliona ni jibu zuri, nikacheka.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama anakaa Kaengesa, analima mahindi na ulezi, na kaka yangu na mkewe wanakaa naye. Kule kwetu kazi ya pamoja ina utaratibu wake. Mkiitwa kulima kwa mtu, au kutengeneza barabara ya kwenda misheni, kila nyumba inatoa mtu. Haijalishi ni nani. Mama akiumwa aende kijana, kijana akisafiri aende mkamwana. Mradi jembe limeonekana, nyumba imehesabiwa, na pombe yetu ya kimpumu ikiiva mnakunywa wote mliofanya kazi na msiofanya. Ni utaratibu wa haki na sijawahi kusikia mtu akiulalamikia.

Basi mwaka ule, wakati wa kupura ulezi, timu ya upimaji ilikuja kijijini na vile viburashi ambavyo mwanamke anaingia nyuma ya pazia na kujichukulia mwenyewe kipimo. Jibu likaja baada ya muda: jina la mama, hakuna kirusi. Mama alinipigia simu kwa furaha. "Nyumba yetu safi!" alisema, nami nikafurahi, sikulitafakari neno nyumba.

Miezi michache baadaye alikuja Milanzi kuniletea unga na maharage. Tulikuwa tumekaa gengeni Nesi alipopita na kikapu chake.

"Shikamoo, Nesi," mama akaamkia.

"Marahaba, Mama Skola. Hujambo?"

"Sijambo."

"Hujambo kweli?"

Mama akacheka, akavuta kitenge magotini. "Basi tu, Nesi, naona usichana unanirudia. Yale niliyokwisha kuyaaga miaka yameanza kuchungulia tena. Damu kidogo, leo ipo, kesho haipo."

Nesi akaweka kikapu chini. Hakuwahi kuweka kikapu chini, kwa sababu ya Askari aliyekuwa akimfuata nyuma.

"Ila nilipimwa," mama akaharakisha kusema. "Safi kabisa."

"Kwa kitanda, au kwa kile kiburashi?"

"Kiburashi."

"Kilikuumiza?"

Mama akazitazama nyanya zangu kana kwamba anataka kununua.

"Mama Skola," Nesi akasema polepole, "kipimo kinasema safi, mwili unasema si safi. Mmoja wao hakuwapo. Siku ile ya kupima, mwenye mwili alikuwepo?"

"Nyumba ilikuwepo."

"Nani katika nyumba?"

"Mkamwana," mama akasema. "Mimi nilikuwa na ulezi uwanjani, Nesi, na mawingu yanakuja. Wakaita jina langu, akaenda yeye kuisimamia nyumba. Si tunakula chungu kimoja?"

Nesi alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho kwa pindo la sweta, na mimi nikacheka, na mama akajiunga kwa sababu hakupenda kubaki peke yake. Kisha Nesi akarudisha miwani, na uso uliokuwa nyuma yake haukuwa na kicheko hata kidogo.

"Mkamwana wako ni mzima, mpe hongera," akasema. "Kizazi hakiliwi chungu kimoja. Kesho asubuhi nakutaka wewe, na siyo mwakilishi."

Mama alijaribu kukumbuka kwamba ana kuku wa kulisha. Hakusikilizwa. Asubuhi Nesi alikuwa langoni kwangu kabla sijapanga vitunguu.

Kirusi kilikuwepo. Tena kilikuwa ni yule yule jogoo, kumi na sita. Siki ilipopakwa haikuonyesha kitu, na mama akaanza kuvaa viatu, amekwisha kupona. Nesi akasimama mlangoni akaanza hotuba yake ya mbwa wawili ili kumshawishi daktari akate kinyama kipelekwe kupimwa. Daktari, kijana mwenye subira, akamwambia kwamba alikuwa ameshaagiza hivyo kabla hawajaingia, kwa ajili ya umri wa mama na ile damu. Nesi aliudhika kidogo. Hotuba ilikuwa imebaki nusu.

Siku za kusubiri jibu la kinyama nilikuwa mtu wa kusikitisha. Niliwarudishia watu chenji mara mbili, nikalia juu ya vitunguu nikisingizia vitunguu. Niliogopa kumpoteza mama yangu, sina namna nyingine ya kulisema. Nesi alikuwa akija jioni kukaa nami, hasemi kitu, anachambua dagaa. Siku moja tu alisema. Alisema katika miaka yake wodini aliosha miili ya wengi waliokuja wamechelewa, na kila mmoja alipokuwa akimwosha alitamani kumuuliza ni nani aliyejibiwa "sijambo" akaridhika.

Jibu lilikuja: ilikuwa saratani, imeanza, haijatembea. Mama akapelekwa hospitali kubwa, mbali, akatolewa kizazi, akarudi amekonda na mdomo wake ule ule. Mkamwana alimpokea kwa kilio, akijilaumu. Mama akamshika kichwa. "Wewe ulifaulu mtihani wangu vizuri sana," akamwambia, "shida mimi ndiye niliyefeli." Na siku ambayo daktari alisema sasa awe anakuja kuangaliwa tu, Nesi alimchinja Kumi na Sita. Alikuwa mgumu ajabu. Tulimtafuna kwa heshima zote, na mama akaomba shingo.

Hayo ni ya miaka sasa. Lakini nililotaka hasa kuwaeleza kumhusu Nesi lilitokea kiangazi hiki, huko Kaengesa. Timu ya upimaji imekuja tena, na nani unadhani amejitolea kukaa kwenye pazia? Mama. Amejifunga kitenge kifuani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na hakuna anayepita bila kuhojiwa. "Jina lako? Mwenye mwili yupo?" Wanawake wanacheka, wanajibu yupo, wanaingia. Nilimwona akimrudisha msichana mmoja aliyekuja kwa niaba ya mama mkwe wake. "Kamwite. Mwambie hapa hatulimi barabara."

Nesi alikuja kama mgeni wa heshima, kusema maneno machache, akasema mengi. Sweta la kijani, fimbo ya kutembelea sasa, goti limepanda daraja. Alipomaliza watu walipiga makofi, na mama, bila kuinuka kwenye kiti, akamwita mbele ya wote.

"Nesi, hujambo?"

"Sijambo, Mama Skola."

"Hujambo kweli?"

Nesi akaanza kuiangalia njia ya kurudia, kama walivyofanya wengi mbele yake.

"Mimi umri wangu umepita," akasema.

"Na wangu je, ulikuwa umepita?"

"Mpishi hali kabla ya wageni."

"Wageni tumekula, tumeshiba, tumeosha na vyombo." Mama alisimama sasa, akamshika mkono, na sauti yake ikashuka, ikawa ya upole. "Unawaogopa wale uliowaosha. Najua, mwanangu alinisimulia. Hata mimi nilikuwa naogopa, ndiyo maana nilipata ulezi wa kupura."

Nesi alivua miwani akanipa niishike, akanipa na fimbo. Bila miwani alionekana mdogo, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilitaka kumkumbatia, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa vitu vyake. Mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake kando ya pazia, ameketi wima, kazi ni kazi.

"Mwenye mwili yupo?" akauliza.

"Yupo," Nesi akasema. "Anaogopa, lakini yupo."

Mama akamfungulia pazia.